Uzito wa Taa Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkurugenzi katuita. Kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi, na atakikalia mmoja wetu: mimi wa taa, au yule jamaa wa milango tunayemwita Utaratibu, maana hata chafya hapigi bila kusema kuna utaratibu wake. Uamuzi ni Ijumaa, tukishamwonyesha mwenye hoteli programu yetu. Kila mtu anaruhusiwa kuleta mgeni mmoja.

Kwangu hakuna cha kusubiri. Mama mkwe nilishamwambia wiki iliyopita kwamba cheo nimepata. Sikudanganya. Nilitangulia tu. Sasa ukoo mzima unajua, na shangazi wa mke wangu keshaanza kuniulizia kazi za wanawe.

Haya, kazi. Programu yetu ya kuendesha hoteli imeundwa kwa vipande, tunaviita moduli. Milango ina moduli yake, taa za ukumbi yake, taa za korido yake. Kila moduli ina faili la mipangilio, na humo kuna namba inayoitwa uzito. Moduli mbili zikigombana, inasikilizwa yenye uzito mkubwa. Sasa, milango ya Utaratibu inataka taa zififie kila mlango unapofungwa, eti kubana umeme. Taa zangu zififie mbele ya mama mkwe? Thubutu!

Milango ina uzito wa 20. Mtu wa kawaida angejiandikia 30 akaenda kunywa chai. Mimi nimeandika amri: kila programu inapowashwa, soma uzito wa juu kuliko wote, uzidishe mara kumi, huo uwe wangu. Apandishe atakavyo, nitakuwa juu yake tu. Nimeiweka kwenye faili la taa za ukumbi, kisha nikalinakili faili zima kwenye taa za korido. Nani ana muda wa kuandika mara mbili?

Nimewasha kujaribu. Uzito wangu ulipaswa kuwa 200. Skrini ikasema uzito wa juu ni 2,000. Haisemi ni wa nani. Haina haja ya kusema!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na hasira. Nimewasha programu hata koti sijavua. Uzito wa juu: 200,000. Kumbe yule mpole ni nyoka! Mtu anayekunja leso yake pembe nne, anacheza rafu namna hii?

Nimemuuliza kwa mzunguko kama kuna alichobadilisha. Akajibu kwamba milango iko 20 tangu mwaka jana, na kwamba kuna utaratibu, uzito hauzidi mia. Kasema bila kupepesa macho. Nimemwambia utaratibu ni wa watu wasio na mawazo. Akaniuliza kama nimelala vizuri.

Mchana nimekishusha kiti chake mpaka chini kabisa. Kaandika saa nzima kidevu kikigusa meza, wala hakulalamika. Watu wa namna hii ndio wa kuogopa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Milioni ishirini! Hana haya.

Nimemweleza mke wangu vita vilipofikia. Badala ya kunipa pole, kasema nimpigie mama yake nimwambie ukweli kabla ya Ijumaa, kwa sababu bi mkubwa kanunua viatu vipya na anawaambia wenzake kwamba mkwe wake anaongoza wahandisi. Nikamjibu kwamba ukweli uko njiani, ukifika Ijumaa atajua mwenyewe. Naye kasema neno moja tu: mama yake alikuwa peke yake kunitetea wakati wazee wanaikataa posa yangu. Hilo lilinichoma, siwezi kuficha. Ndiyo maana sirudi nyuma ng'o.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bilioni mbili. Skrini yenyewe imejaa sifuri.

Nimepita nyuma ya kiti cha Utaratibu, najifanya natafuta kalamu. Faili la milango lilikuwa wazi. Uzito: 20. Mtu mwepesi angeamini. Mimi nimeng'amua papo hapo: hilo ni faili la maonyesho, la kweli kalificha. Ujanja wa hali ya juu! Nusura nimpongeze.

Jioni kanifuata akapendekeza tukae wawili tupitie mipangilio yote kabla ya kesho, tena kaniletea chai. Nimekataa. Chai nimekunywa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Ukumbi wa hoteli uko chini ya ardhi, hauna dirisha hata moja. Mwenye hoteli alikaa mbele na Mkurugenzi. Mama mkwe safu ya pili, viatu vinang'aa. Milango ikafungwa taratibu, kwa adabu, kama Utaratibu mwenyewe. Zikabaki taa za muda za mafundi. Nikahutubia kidogo, nikazizima, nikawasha programu yetu.

Giza. Giza totoro! Ukumbini giza, korido giza. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa nguvu. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikapaa gizani, imejaa imani. Kawaambia watu watulie, hapo hakuna la kuogopa, mkuu wa kitengo ni mkwe wake na anawasha sasa hivi. Kisha Mkurugenzi akauliza, mkuu yupi? Mama mkwe akajibu kwa fahari, akataja mpaka siku niliyompa habari. Hapo nililishukuru giza.

Utaratibu akaja na tochi ya simu, akafungua mafaili yangu, akapata jibu kabla sijapata la kusema. Milango ilikuwa 20. Siku zote 20. Aliyekuwa akipanda ni mimi: taa za ukumbi zikizidisha mara kumi, za korido zinaziona, nazo zinazidisha, kila siku tulipowasha. Leo namba ikazidi kile programu inachoweza kubeba, ikapinduka chini ya sifuri. Na moduli iliyo chini ya sifuri haiwashwi kabisa. Kayasema haya kwa sauti ya chini, nisikie mimi tu. Akaandika 30 mara mbili. Mwanga ukarudi.

Mwenye hoteli kaisifu milango. Cheo kapewa Utaratibu, palepale, kwa makofi. Mama mkwe hakupiga makofi. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapanda ngazi peku bila kuniangalia. Mke wangu anagonga mlango wa bafu. Nimemwambia kuna utaratibu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimelitafakari jambo hili siku mbili, na mke wangu hasemi nami, kwa hiyo nafasi ya kufikiri ilikuwepo. Watu wanasema nimeshindwa. Nimeshindwa na nani? Na Utaratibu? Hakugusa kitu! Nimeshindwa na mimi mwenyewe, maana yake kampuni nzima hakuna mwingine anayeniweza.

Mkuu mpya kanihamisha kwenye moduli mbili ndogo: feni za vyooni na mashine za kukausha mikono. Kaniomba uzito usizidi mia. Nimeitikia kwa heshima zote.

Nimempigia mama mkwe. Kapokea, ila hakusema hata haloo. Nimemwambia avitunze vile viatu, maana kuna cheo kikubwa zaidi kinakuja, jambo limeshaiva. Akakata simu. Nadhani ni furaha.

Amri ile ya mara kumi nimeifuta. Mara kumi ilikuwa woga. Nimeandika mara mia, kwenye faili la feni. Kisha nikalinakili kwenye mashine za kukausha mikono, kuokoa muda.