Menyu Iliyorudi Mbele ya Kamati ya Maji

Leo nimeaibika ukutani, kwa herufi kubwa, mbele ya kamati nzima ya maji hapa Rukanga.

Ndovu hung'oa bomba letu kila kiangazi. Kamati ilitaka kulirudisha palepale. Mimi nikauliza kwa nini (huuliza kwa nini hata katikati ya maombi). Mwenyekiti, Mzee Mwakio, akanijibu, "Lete ushahidi." Nikachora ramani ya njia za ndovu. Kura ilikuwa leo.

Laptop yangu ina mifumo miwili, Windows na Linux. Ukiiwasha, menyu inakuuliza unataka upi. Ramani iko Linux. Jana Windows ikajisasisha bila kuombwa na mtu. Asubuhi, menyu hakuna! Inaingia Windows moja kwa moja.

"Zima uwashe," akasema Mama, ambaye ni mweka hazina wa kamati.

"Mama, haitengenezwi hivyo."

(Nilizima, nikawasha. Mara nyingi. Msimwambie.)

Nikaenda mkutanoni na flashi ya kurekebishia. Nikaketi mbele, projekta imeshaunganishwa, nikaanza kazi. Mzee Mwakio akapiga mwayo.

"Wakesho, si tupige kura tu?"

"Hapana, Mzee. Hakuna kura bila ramani!"

Amri ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa kwa dharau. Ya tatu ikakubali! Nikasimama kama mhubiri. "Wazee wangu, tazameni ukutani!" Nikaiwasha upya.

Menyu ikarudi. Yote. Pamoja na majina niliyoipa nikiwa chuoni, nikijichekea peke yangu:

MAMBO YANGU
YA KUMTULIZA MAMA (WINDOWS)

Nikatafuta Enter. Vidole vikasahau iko wapi. Mzee Mwakio akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama somo la Jumapili.

"Mama yupi huyo?" akauliza.

Mama akageuka. "Kwa hivyo kila asubuhi nikikuletea chai, ukiniambia unaandika barua za kazi, nilikuwa natulizwa?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata katibu, ambaye hajawahi kucheka!

Ramani ilifunguka. Kura ikapita, bomba linahamishwa.

"Ramani tumeiamini," akasema Mzee Mwakio. "Mwenye ramani ndiye tutaendelea kumchunguza."

Sasa niko nyumbani. Mama anapika, haongei. Atakayecheka aje tule pamoja, lakini akae katikati yetu.