Sakafu ya Malkia

Jumatatu, 3 Juni

Sasa hivi Bonge amekojoa ndani ya kiatu cha fundi. Alisimama wima, akalenga, akamaliza, akajipigia makofi. Miaka miwili tu, na shabaha hiyo. Nimeumwaga mkojo na kukigeuza kiatu juani. Fundi mwenyewe yumo ndani ya mabuti ya mpira, anakoroga zege zizini, hajui lolote.

Zege ni la Malkia, ng'ombe wetu. Aliteleza kwenye tope la zizi la zamani, akaumia ukwato, mama mkwe akaja kumchukua kama mtu anayemchukua binti yake kwenye ndoa mbaya. Alisema nijenge sakafu. Jumatano ya wiki ijayo atamleta aone. Akiteleza tena, hata mara moja, anahamia kwa wifi moja kwa moja. Na Malkia ana mimba, atazaa mwezi huu. Maziwa ya mwanangu yaende kwa wifi, ambaye hata chai anakunywa ya rangi!

Wifi ana sakafu sebuleni inang'aa mpaka wageni wanavua viatu bila kuambiwa. Imepigwa niru, yaani saruji tupu juu, ikasuguliwa kwa mwiko mpaka ikalainika. Ya kwangu lazima iishinde.

Jioni

Fundi alitandaza, akasawazisha kwa ubao, akaweka mteremko ili mkojo uteremke mferejini. Safi. Kisha akaomba fagio gumu. Eti anataka kuikwaruza sakafu mpya mistari mistari. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akasema ng'ombe havai soksi, anahitaji pa kukanyagia. Nikamwambia aende zake akapumzike, kufagia nitafagia mwenyewe, hakuna mwanamke anayefundishwa fagio. Akavaa viatu, akasita kidogo, akautazama mguu wa kushoto, akaondoka.

Sikufagia. Nilikuwa nimeficha nusu mfuko wa saruji chini ya kitanda cha Bonge. Nimepiga niru kwa magoti mpaka kiuno kikagoma. Inang'aa. Nimemaliza darasa la saba tu, lakini kazi hii hata aliyesoma ataivulia kofia.

Jumanne, 4 Juni

Msiba. Jana nilipoenda kunawa mikono, Bonge alimfukuza kuku mpaka zizini. Kona ya mbali yote imejaa nyayo zake, na makucha ya kuku, na mahali alipokaa kitako kupumzika. Leo imeshaganda. Nilitaka kumchapa, lakini vidole vyake vimetoka vizuri mno, vitano vitano, hata kile kidogo. Nikavibusu. Vumbi la saruji ni chungu.

Baba Bonge amesema tumwite fundi. Nimemwambia fundi ana shughuli nyingi. Kona nimeifunika gunia.

Ijumaa, 7 Juni

Namwagilia asubuhi, mchana na jioni, kama alivyoagiza fundi, ili zege likomae lisipasuke. Kila nikimwagilia najiona usoni. Leo nimesukia nywele mle.

Wifi alipita. Alisimama mlangoni muda mrefu. Akasema inapendeza, akauliza kama Malkia atavuliwa kwato mlangoni. Wivu huo. Nilimkaribisha aingie aione vizuri. Alikataa, akasema bado anapenda meno yake.

Jumatano, 12 Juni

Leo ndiyo leo. Mama mkwe amefika na Malkia, wifi nyuma yao, hakualikwa. Mama mkwe alitazama sakafu, akanitazama mimi, akauliza huyu ng'ombe anakuja kukaa au kuolewa. Nikacheka kwa adabu.

Malkia aliweka miguu ya mbele. Ikaenda. Kila mmoja ulishika njia yake. Mama mkwe akadaka mkia, mkia ukamvuta, wakasafiri pamoja polepole kuelekea mferejini, mtu mzima na mimba ya watu, na mimi nikakimbia kuwazuia nikawapita nimekaa. Wifi alishika nguzo akalia kwa kicheko. Nikajua maziwa yamekwenda.

Ndipo Malkia akafika kwenye kona. Gunia likasogea, kwato zikaingia kwenye nyayo za Bonge, akasimama. Imara kama nguzo. Akajisaidia, akaanza kucheua.

Mama mkwe alichuchumaa, akapapasa kona kwa kiganja. Akasema aliyefanya pale anajua kazi, ni nani? Nikasema ni mjukuu wako, akisaidiwa na kuku. Alifuta kiganja kwenye kanga yake. Kisha akasema basi ng'ombe atabaki kwa heshima ya mtoto, lakini yeye haondoki mpaka sakafu yote iwe kama kona ya Bonge.

Jumamosi, 15 Juni

Siku tatu fundi amegonga tindo na nyundo, anachora mstari mmoja mmoja kwenye niru yangu. Kila mstari ananitazama. Kona ya Bonge hakuigusa. Leo kavua viatu, kavitundika juu ya mti.

Malkia anatembea kama yuko kwake. Mama mkwe amesema nimejifunza. Nimeitikia ndiyo mama, sana.

Jumatatu, 24 Juni

Malkia amezaa jike, leo ni siku ya sita! Jana usiku Bonge alikunywa maziwa vikombe viwili, akalala na masharubu meupe.

Nilikuta saruji kidogo imebaki chini ya kitanda chake. Kuitupa ni dhambi. Ngazi ya mlango wa jikoni imechakaa, na ngazi si sakafu ya zizi, pale hapiti ng'ombe. Nilipiga niru jana watu walipokwenda kukata majani, nikaifunika ubao. Leo nimeufunua ubao na kuimwagilia. Wifi akiiona hali chakula.

Mama mkwe, aliyebaki kumsubiri ndama, ndiye wa kwanza kuipita, na ndoo ya maziwa ya asubuhi. Nimesikia kishindo, halafu ndoo ikijiviringisha, na sasa ananiita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hajawahi kulitumia. Bila shaka ameiona ilivyong'aa, na anataka nikampigie na ngazi ya kwake.