Nyumba ya Mwingereza Kilimani Mkuyuni

Obedi hakuwahi kusoma usanifu wa majengo, lakini alikuwa na miwani, na kwa watu wengi wa Mwanza hilo lilitosha. Alikuwa ameivaa siku alipopita kilimani Mkuyuni, akaiona nyumba ya Bi Selina na kusimama ghafla katikati ya njia mpaka dereva wa bodaboda akamtukana.

Nyumba hiyo ilijengwa na ofisa mmoja wa Kiingereza aliyekumbuka kwao kupita kiasi. Paa lake la vigae lilisimama wima ili theluji iteleze, na theluji bado inasubiriwa. Sebuleni kulikuwa na meko ya ukutani ya kuotea moto, na juu yake dohani refu la matofali, katika mji ambamo watu hulala madirisha wazi. Madirisha ya mbele, ya vioo vidogovidogo, yalijitokeza nje kama tumbo la diwani. Kuta zilikuwa za mawe ya kilima kilekile, yaliyobebwa kichwani na babu zetu, ambao ofisa aliwashukuru kwa kuwakataza kupita mlango wa mbele.

Obedi hakuona babu wala theluji. Aliona kiwanja. Tajiri mmoja aitwaye Shigela alikuwa akitafuta mahali pa kujenga hoteli inayotazama ziwa, na alikwisha kusema atalipa vizuri sana, ila anataka kiwanja kitupu, lisibaki hata tofali.

Kesho yake Obedi akabisha hodi akiwa na tai shingoni na futi mkononi. Akatoa shikamoo yenye heshima zote, kisha akaanza kugongagonga kuta na kutikisa kichwa kwa huzuni. Bi Selina alikuwa mjane aliyelea wanawe kwa biashara ya dagaa, na alimsikiliza kwa utulivu. Obedi akamweleza kwamba huko Uingereza nyumba za namna hii zinalindwa na sheria, mtu haruhusiwi kubadili hata bawaba ya mlango, na kwamba sasa serikali yetu imeamua kuilinda na hii. Kigae kikivunjika hakuna kuziba kwa bati. Kitaagizwa kigae cha Kiingereza hukohuko kwao, kwa gharama ya mwenye nyumba. Na nani atanunua mzigo kama huo?

Bi Selina akashika tama. Paa lilivuja kweli, na kila masika alilala na ndoo.

"Sasa mwanangu, mimi mjane nitafanyaje?"

Obedi akavua miwani, kama alivyofanya kila alipofikia sehemu ya huruma. Akasema yeye binafsi ana udhaifu wa kupenda vitu vya kale. Anacho kiwanja Usagara, njia panda kabisa, alichoachiwa na marehemu baba yake, na yuko tayari wabadilishane. Kiwanja hicho kilikuwa kitu pekee cha halali maishani mwake, na roho ilimuuma kukitaja. Akajipa moyo kwamba kwa fedha za Shigela angeweza kununua nusu ya Usagara.

Bi Selina alikubali kwa sharti moja: Obedi aieleze habari hiyo ya ulinzi mbele ya mkutano wa mtaa, wanawe wasije wakasema mama yao aliitupa nyumba bila sababu. Obedi akaafiki papo hapo. Tapeli gani anakataa hadhira?

Siku ya mkutano alihubiri. Alilisifu dohani mpaka akina mama wakafuta machozi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mhoja, hakuwahi kusikia mtaa wake ukitajwa kwa lolote isipokuwa takataka, na kifua kilimjaa. Obedi alipomaliza kwa kusema kwamba kuibomoa nyumba ile ni kuwaibia wajukuu, makofi yalisikika mpaka barabarani. Makubaliano yakashuhudiwa. Kisha Mzee Mhoja akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sungusungu wa mtaa wataipigia doria nyumba hiyo kama wanavyolinda ng'ombe. Obedi, aliyekulia kwenye maghorofa ya mjini, alidhani hayo ni maneno ya kufungia mkutano.

Bi Selina akahamia Usagara na vyombo vyake vyote. Wiki iliyofuata Obedi akaleta mafundi na nyundo.

Tofali la kwanza la dohani lilipoanguka, jirani aliyekuwa akianua nguo akapiga mwano, ule ukelele wa Kisukuma unaowatoa watu majumbani mwizi akiingia. La pili halikuwahi kuanguka, uwanja ulikwisha kujaa watu wenye fimbo. Mafundi wakashuka na kujiunga na umati, maana nao walikuwa na akili zao.

Obedi akaanza kueleza kwamba nyumba ni mali yake. Hakuna aliyembishia. Mzee Mhoja akamsogelea na kuuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Kijana, tuelewane. Hii nyumba inalindwa kama ulivyotuambia, au ulimdanganya mama wa watu ukamtoa kwake?"

Obedi akapiga hesabu. Akisema inalindwa, hoteli imekufa, na kiwanja cha baba yake kimekwenda kwa gofu linalovuja. Akisema hailindwi, yeye ni mwizi aliyekiri mwenyewe. Mahakamani kuna mawakili. Sungusungu hawana utaratibu huo.

"Inalindwa," alisema.

"Sema kwa sauti, walio nyuma wasikie."

"Inalindwa, mzee. Sana."

"Basi rudisha tofali."

Alilirudisha mwenyewe, juu ya paa, na tai shingoni. Akatozwa faini ya mbuzi, na mbuzi akachomwa sebuleni kwenye meko ya Mwingereza, ambayo haikuwahi kupata kazi ya maana kama hiyo.

Shigela alipopata habari alikata simu. Obedi akapanda gari mpaka Usagara, akamkuta Bi Selina akisimamia msingi wa nyumba mpya. Alipiga magoti kabisa, akaomba warudishiane.

"Mama, nilikudanganya. Ile nyumba haina ulinzi wowote."

"Najua, mwanangu. Nimeuza dagaa maisha yangu yote. Mtu anayechanganya dagaa na mchanga namjua akiwa bado yuko mlangoni." Akamwelekeza fundi mahali pa kumwaga zege, kisha akamgeukia Obedi tena. "Madalali wote walilikimbia lile paa. Wewe ukaja unalitaka, ningekukatalia vipi? Ila haya unayoniambia mimi, rudi ukayaseme kilimani."

Obedi alirudi kilimani, na hakuyasema.