Wiki Niliyopiga Marufuku Shikamoo

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mkuu wa idara atakuja kukaa darasani kwangu Ijumaa. Akikuta mwaka wa kwanza bado wanasinzia, somo la Utangulizi wa Nadharia za Jamii anampa Bwana Takwimu. Bwana Takwimu! Mwalimu wa takwimu, mdogo kwangu kwa umri, meza zetu ofisini zinatazamana, na chai anainywa kwa kelele. Somo ni langu. Nitalitetea kwa udi na uvumba.

Leo nimeeleza maana ya nadharia kuanzia kengele hadi kengele. Mmoja akakoroma. Nikamwamsha. Akaniomba radhi, akageukia upande wa pili.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Kanuni za jamii hazionekani mpaka zivunjwe. Mtu akikasirika, ujue hapo palikuwa na kanuni, na yeye ndiye mlinzi wake. Hata Mkoromaji ataelewa.

Nimeanza kuijaribu nadharia hii nyumbani. Mama mkwe yuko kwetu. Badala ya shikamoo nikamwambia mambo vipi. Mke wangu akaniuliza kama nina homa. Jioni nikatengewa sahani, imefunikwa vizuri. Nikafunua. Tupu!

Nadharia imethibitika. Nalala na njaa.

Jumatano, 6 Machi
Nimewapa wanafunzi kazi. Wasimwamkie mkubwa yeyote inavyotakiwa, watazame nani atakasirika, na wasiache mpaka niwaambie. Darasa zima macho! Mkoromaji kauliza maswali! Bwana Takwimu akachungulia dirishani kuuliza kama kuna moto. Nikamjibu upo, wa fikra. Nilijipenda sana.

Alhamisi, 7 Machi
Simu tangu asubuhi. Baba mmoja analalamika binti yake kamwita mshikaji. Bibi wa mwingine kagoma kula. Mama mmoja akataka kujua mimi mwenyewe nililelewa na nani. Nikamsifu kwa swali zuri la kinadharia. Akakata.

Bwana Takwimu aliyasikia yote huku akifyonza chai yake. Akaniuliza kama wanafunzi nimeshawaambia waache, maana kesho mgeni anakuja. Nikamwambia ashughulike na wastani wake. Wivu tu! Nikaenda kupiga pasi suti.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu wa idara aliingia na Bwana Takwimu nyuma yake. Hakuna aliyesimama. Hakuna shikamoo. Mkoromaji akamwinulia mkuu kidole gumba, akamwuliza za leo, dada. Dada! Mama wa watu ana wajukuu!

Nikapandwa na mori. Nikapiga meza, nikawauliza kama wamelelewa na mbuzi, nikaamuru waamkie mara moja. Wakanitazama tu. Sikuwa nimewaambia waache.

Mkoromaji akanyoosha mkono. Akaeleza kwa upole kwamba kanuni imevunjwa, lakini mkuu hajakasirika, aliyekasirika ni mwalimu. Sasa kanuni hii inamlinda nani? Darasa likalipuka. Mmoja akasema eti mimi namwogopa mkuu. Mwingine akasema hapana, eti naogopa kunyang'anywa somo. Bwana Takwimu akajitia kuongoza mjadala, nani kamtuma? Wakanichambua mpaka kengele, nimesimama pale natoka jasho.

Mkuu alicheka hadi akafuta machozi. Akasema hajawahi kuona mwaka wa kwanza wakifikiri namna hii. Nikaanza kutabasamu. Ndipo akatoa uamuzi: Bwana Takwimu atafundisha, na mimi nitahudhuria kila kipindi kama mfano hai.

Somo langu! Nimeumia sana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefikiri upya. Mfano hai! Hicho ni cheo, na hakuna mwingine mwenye nacho idarani. Bila mimi nadharia yenyewe haipo.

Asubuhi nimekuja ofisini kuisogeza meza yangu iwe mbele ya yake. Bwana Takwimu akaingia, akasema habari. Habari! Mimi mkubwa wake, tena mwenye cheo! Nikamwambia jamii inaharibika kwa sababu ya watu kama yeye. Akatabasamu, akachukua kalamu, akaanza kuandika huku akinitazama. Sijui anaandika nini na wala sijali.

Nimeweka kiti mlangoni, nimekikalia. Hatoki mtu humu mpaka nipate shikamoo yangu.