Rungu Jeusi la Raudy

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka. Kocha Bienvenido kanipa tena lile rungu la kitoto la besiboli. Fupi, jepesi, rangi ya uji. Na Jumamosi anakuja msaka vipaji wa timu kubwa kutuangalia wapigaji. Atakayempendeza anakwenda kuishi kwenye akademi yao pwani. Kitanda cha peke yako, nyama kila siku. Mimi nisimame mbele ya mtu kama huyo na mwiko wa bibi?

Nikamwambia kocha nataka jeusi, refu, kama la mwenzangu Raudy. Akaniambia nilishike kwa mkono mmoja, nilinyooshe mbele, nitulie. Nikalinyoosha. Mkono ukatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Kocha akasema, "Unaona, Mbu? Hapo rungu ndilo linakushika wewe." Uwanja mzima ukacheka. Raudy alicheka hadi akakaa chini. Huyo ana mapaja kama nguzo za kanisa na akili kidogo. Mimi akili ninazo nyingi, ndiyo maana nachoka.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kwa upole. Nilimwambia Raudy rungu lake lina ufa, mimi niliusikia kwa masikio yangu jana. Mtu mwenye hofu angenipa palepale. Yeye akaligonga kwenye saruji, akatega sikio. Likalia kama kengele. Akasema lina afya kuliko mimi.

Basi nikamwita nyumbani. Bibi Mercedita alikuwa amepika ndizi za kuponda na soseji ya salami. Nikampa Raudy sahani yangu yote, kisha nikamuuliza kwa ustaarabu kama tunaweza kubadilishana marungu, mpaka Jumamosi tu. Akala. Akakwangua na ukoko wa wali wa mchana chunguni. Akamshukuru bibi, akamwambia amlishe mjukuu wake, anapeperuka. Akaondoka na rungu lake begani.

Nimelala na njaa.

Jumatano, 5 Juni

Joto la kuua mtu. Kocha katukalisha kivulini kutufundisha chapa. Tangu nina miaka kumi nasikia habari hii ya chapa. Eti mti una upande mgumu na upande dhaifu. Eti fundi hupiga chapa yake makusudi, ili mpigaji ajue. Chapa iangalie mbinguni, mpira ukutane na upande mgumu. Ukiisahau, rungu linapasuka mikononi mwako. Akamtazama kila mtu, akamalizia kwangu. Nikapiga miayo. Mpira hauna macho ya kusoma chapa.

Nilikuwa namwangalia Raudy. Analisugua rungu lake kwa mfupa wa ng'ombe ili mbao yake ikaze. Linameta. Inauma kuona kitu kizuri mikononi mwa mtu asiyejua kukitamani.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeliazima. Raudy alikuwa amelala chini ya mwembe baada ya mazoezi, mdomo wazi. Kumwamsha ingekuwa ukatili.

Sasa, rungu jeusi lenye chapa ya dhahabu linajulikana mtaa mzima. Nikaenda nyuma ya banda la kuku na msasa wa mjomba. Nikasugua rangi. Nikasugua chapa. Kazi ya punda, mikono imechubuka. Likatoka jeupe kama yai, nikalipaka dawa ya viatu ya kahawia. Bibi akauliza natengeneza nini. Nikamwambia mguu wa meza wa shule. Akasema hajasikia nimekwenda shule tangu Pasaka.

Hata mama yake mzazi angeliona asingelitambua.

Ijumaa, 7 Juni

Raudy kaja uwanjani mikono mitupu. Hakulia, lakini alikaa kama mtu aliyefiwa. Nikasema wezi siku hizi hawana haya. Nikamwambia kocha, kwa bahati, mjomba wangu wa Nueva York, huko Marekani, kanitumia rungu jipya, kwa hiyo Raudy achukue langu la uji, mimi sina kinyongo. Kocha akanusa hewa. Akasema mjomba wangu anatuma marungu yanayonuka dawa ya viatu. Nikamwambia ndiyo harufu ya Nueva York.

Raudy akapiga mipira michache na kile kijiti. Sikuangalia. Nilikuwa najaribu kuinua la kwangu.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Nitaandika kwa ufupi.

Msaka vipaji alikuwa na kofia ya majani na uso wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Raudy akaanza. Na kijiti changu! Mwili ule mkubwa, rungu jepesi, mkono unazunguka kama feni. Kushoto, kulia, juu ya ukuta, mbwa wa jirani akakimbia. Yule mzee akavua kofia.

Nikaingia mimi. Nikataka kuweka chapa juu, kwa usalama tu. Chapa haipo. Nikageuza rungu hivi, nikaligeuza vile. Kahawia pande zote. Mrushaji akasema, "Wewe, unachoma mahindi?" Akarusha. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, kwa kuchelewa kidogo.

Kipande kirefu kikaruka mpaka kwa mrushaji. Mimi nikabaki na mpini. Mpira ukabingirika kama yai, ukasimama miguuni pangu.

Kocha akaokota kile kipande. Akatazama kishimo kilicho kwenye ncha ya rungu, mahali ambapo msasa wangu haukufika. Ndani mlikuwa na rangi nyeusi bado. Akaniwekea mkononi, akaenda zake. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 9 Juni

Raudy kaja kuaga. Wamemchukua. Nikajiandaa kupigwa, nikasimama karibu na bibi. Lakini akacheka tu. Akasema alijua tangu Ijumaa. "Mbu, ulikuwa na vumbi jeusi mpaka ndani ya masikio." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema alikusudia kunivunja mbavu baada ya mazoezi, ila alipojaribu kile kijiti akaona kinamfaa kuliko lile gogo. Akaona aniachie gogo.

Kisha akanirudishia rungu langu la uji. Akasema hili ni saizi yangu hasa, na kwamba Jumatano anakuja msaka vipaji mwingine, kocha kakubali nijaribu tena, bibi kamsihi sana. Nisiharibu. Akanikumbatia mpaka mgongo ukalia, akaondoka.

Nimelishika kwa mkono mmoja. Limetulia. Jepesi, zuri, limenyooka.

Tatizo moja. Juu ya chapa yenyewe, kwa wino usiofutika, ameandika jina lake kubwa: RAUDY. Msaka vipaji akiliona atadhani nimeazima la mwenzangu. Mimi nina heshima zangu.

Msasa wa mjomba bado uko bandani. Kabla ya chakula nitakuwa nimemaliza.