Mstari Usiokatika

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa kazi kubwa kuliko zote tangu niajiriwe hapa duka la uchapaji. Kibao cha marehemu mke wangu. Cha shaba! Kitabandikwa Jumapili mlangoni pa dobi la hospitali, pale alipofua na kukunja mashuka miaka yote ya ndoa yetu. Wenzake wamechanga maneno: sentensi moja ya Kiswahili, moja ya Kichina, moja ya Kithai. Dobi lile lina watu kutoka kila pembe ya dunia. Marehemu alikuwa akisema jasho la wagonjwa halina taifa.

Kazi imegawanywa. Mimi napanga maandishi. Shemeji, kaka yake marehemu, anachonga, maana ana karakana ya vibao. Mama Mkwe anaamua. Ndivyo ilivyo katika nyumba ile tangu niingie.

Ameamua hivi. Mstari wa chini utabeba jina la marehemu, na baada yake kile kitakachotosha humo humo. Mstari ni mmoja, hakuna wa pili. Na herufi zisipunguzwe, kwani macho yake si ya jana. Shemeji akadakia kwamba baada ya jina iandikwe "binti wa" na jina la baba yao. Jina la baba yao ni fupi kama kisigino. Mimi nikasema iandikwe "mke wa" na jina langu. Jina langu lina sehemu tatu, na hakuna hata moja iliyo fupi. Shemeji akauliza kama tunachonga kibao au reli.

Mama Mkwe akasema hataki kelele. La mume litajaribiwa kwanza. Likitosha, heri. Lisipotosha, liingie la baba. Akanishauri nitumie sehemu moja tu ya jina. Nikakataa kwa adabu zote. Marehemu aliniita jina zima siku alizokasirika, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji. Tangu aondoke hakuna aliyeniita zima.

Litatosha. Nina mbinu.

Jumanne, 5 Machi

Siku njema. Nimepanga sentensi zote.

Ya Kithai ilitoka kwa Dada wa Pasi, rafiki yake marehemu, aliyekuwa meza ya pili kazini. Aliiandika kwenye simu akanitumia. Nilipoifungua nikamhurumia. Maneno yote yameshikana, hakuna nafasi hata moja! Bila shaka alikuwa na haraka. Nimemsaidia. Nimeweka nafasi mwenyewe, kila baada ya herufi chache, pale palipopendeza macho. Sitamwambia. Wema hautangazwi.

Ya Kichina ina kasoro ndogo. Kila nikivuta ukingo, nukta ya mwisho inakataa kuanza mstari. Inashuka pamoja na herufi inayoitangulia, kama mtoto asiyetaka kulala peke yake. Nimeirudisha juu kwa nguvu.

Halafu, kama nifanyavyo siku zote, mwisho wa kila mstari nimebonyeza Enta. Kompyuta ukiiachia ijikatie mistari yenyewe itakuzoea. Sasa ukingo umenyooka kama shuka lenye wanga. Marehemu angeupitishia kiganja. Alikuwa na tabia hiyo, kupitishia kiganja chochote kilichonyooka, hata kaunta za benki.

Jina langu bado halijatosha. Kesho.

Jumatano, 6 Machi

Mama Mkwe amekuja dukani kukagua. Shemeji kamfuata, eti anamshikia mkoba.

Mama akavaa miwani, akainama, akasema haya si maandishi, ni sisimizi. Kuza. Nikakuza.

Loo!

Kila mstari ukamwaga neno moja chini, halafu ile Enta yangu ikaukata papo hapo. Mrefu, mfupi. Mrefu, mfupi. Ukurasa mzima ukawa kama ngazi iliyojengwa na walevi wawili wasiosemezana. Shemeji akacheka hadi akakaa juu ya maboksi ya karatasi. Akasema sasa anaelewa kwa nini dada yake alikuwa hanikubalii nikunje nguo. Mama Mkwe akauliza kama kompyuta ni mgonjwa. Nikamjibu ni joto.

Akasema basi ipepee. Akaondoka.

Shemeji akabaki mlangoni. Akaninong'oneza kwamba "binti wa" ina herufi chache, haina shida, haihitaji kupepewa. Nikamtakia safari njema.

Kweli sikunji vizuri. Lakini yale yalikuwa ya nyumbani.

Alhamisi, 7 Machi

Dada wa Pasi amepita baada ya zamu. Nilimgeuzia skrini kwa fahari. Akasoma. Akaniuliza, kwa upole sana, kaka, nani ameichana hii?

Nikasema labda ni joto.

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba kwao maneno husimama bega kwa bega, na nafasi huwekwa pale wazo linapopumzika tu. Mimi nimechanachana maneno katikati. Akasema ni kama mtu amechukua vazi zuri akalikatia vitambaa vya deki, tena kwa nia njema. Nilitamani kaunta inimeze.

Nikamuuliza, kama hakuna nafasi, kompyuta itajuaje mahali pa kukunja mstari? Akasema inajua tu. Simu yake inajua. Mama yake humwandikia kila siku na hakuna neno linalovunjika.

Tukatafuta pamoja. Basi kumbe programu ina mahali pa kuiambia aya hii ni ya lugha gani! Nimefanya kazi hapa miaka yote hii. Aya zangu zote zimeandikwa ni Kiswahili. Mashine maskini ilikuwa inatafuta nafasi ndani ya Kithai, kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia itafute.

Nikafuta nafasi zangu za wema. Nikafuta Enta zote, kwa uchungu. Nikaipa kila aya lugha yake. Halafu tukavuta ukingo, kulia, kushoto. Kiswahili kikakatika penye nafasi. Kichina kikakatika kati ya herufi yoyote na nyingine, lakini nukta ikabaki haianzi mstari, na Dada wa Pasi akasema ndivyo wenzake Wachina wanavyoiandika. Na Kithai! Kithai kikakatika neno kwa neno, bila nafasi, kama vile mashine ina kamusi tumboni. Dada wa Pasi akafuatisha kwa kidole. Hapa sawa. Hapa sawa. Hapa navuta pumzi.

Nikamuuliza ameandika nini. Akanitafsiria: "Asubuhi za baridi aliniletea shuka la kwanza kutoka kwenye kikaushio, nipashe mikono."

Nikaenda stoo kutafuta karatasi. Hatukuhitaji karatasi.

Marehemu alikuwa akirudi nyumbani na mikono ya moto. Nilidhani ni mikono yake tu.

Habari mbaya ni hii. Akili ile ile iliyookoa Kithai imelikata jina langu. Jina lake, "mke wa", sehemu yangu ya kwanza, tap, kisha zilizobaki chini, kwenye mstari ambao Mama Mkwe ameshasema haupo. Mashine inaona nafasi kati ya majina, inakata. Haiangalii hapa kuna ndoa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda!

Nimegundua nafasi ya aina nyingine. Kwa macho ni nafasi kama nafasi. Lakini mashine inaambiwa: hapa usikate. Gundi isiyoonekana! Wenye akili huitumia kidogo, kwa mfano kati ya tarakimu na neno linaloifuata, ili zisitengane. Mimi nimeitumia vizuri zaidi. Nimeiweka kati ya jina lake na "mke", kati ya "mke" na "wa", kati ya "wa" na sehemu zangu zote tatu. Sasa sisi ni kitu kimoja. Hakuna programu duniani inayoweza kututenganisha.

Mstari ulichomoza kidogo nje ya fremu, kile kisanduku cha maandishi kwenye skrini. Nikaipanua fremu. Tatizo likaisha.

Bila shaka shaba nayo itabidi iwe pana zaidi kuliko tulivyokubaliana, kama kidole hivi. Au vidole. Sikumwambia Shemeji. Ni fundi, ana macho. Nimemtumia faili na salamu.

Amejibu mapema mno, kwa heshima mno, kwamba shaba ipo tayari na nisiwe na wasiwasi wowote. Ananiita bwana shemeji. Huyu mtu ana jambo.

Jumamosi, 9 Machi

Ngoja niandike kwa utulivu.

Tulikutana karakanani asubuhi. Shaba ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye meza ya mashine. Niliiona nyembamba. Shemeji akasema ni kivuli. Akafungua faili, akaingiza upana wa shaba yake, na maandishi yakajipanga upya mbele ya macho yetu. Nilikuwa naitazama sentensi ya Dada wa Pasi. Ilikunjika kwa adabu, neno kwa neno. Ya Kichina vilevile. Ya Kiswahili vilevile. Nikasema safi. Shemeji akasema safi. Hakuna kati yetu aliyeangalia mstari wa chini. Kila mmoja alikuwa anaogopa mwenzake asije akaangalia chini.

Akawasha mashine. Tukatoka nje kubishana nani ataongea kwanza kesho.

Tulikuwa bado kwenye suala la umri pale sauti ilipobadilika. Shaba inalia. Hii ilikuwa inanguruma. Shemeji, anayejua sauti za mashine yake kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe, akaruka.

Mbao!

Mstari wa chini haukuwa na mahali pa kukatikia. Nilihakikisha mwenyewe. Kwa hiyo haukukatika. Ulifika ukingo wa shaba ukaendelea na safari. Kwenye kibao pana jina la marehemu na "mke wa". Ukingo. Halafu mimi, sehemu zote tatu, nimechongwa kwenye meza ya Shemeji. Herufi nzuri sana. Ndani sana.

Shemeji alishika kichwa. Akasema meza ile aliachiwa na baba. Akasema mimi ni mtu wa kuambukiza hasara. Akasema tangu siku ya posa alijua. Mimi nikasema shaba ile ni nyembamba. Akapaza sauti kwamba ndiyo, ni nyembamba, ameikata vidole viwili kwa makusudi ili jina langu lisitoshe! Akafumba mdomo. Nikamwambia nami nilipanua fremu kwa siri. Akakaa juu ya kigoda.

Shaba nyingine hakuna hadi mwezi ujao. Kesho watu wamealikwa.

Tukaing'arisha pamoja, kwa zamu, bila kusemezana.

Jumapili, 10 Machi

Kibao kimepanda mlangoni pa dobi.

Mama Mkwe alikitazama muda mrefu. Mimi na Shemeji tulisimama nyuma yake kama watoto waliovunja mtungi. Wafanyakazi walitoka na aproni zao. Mzee wa mashine kubwa za kufulia alisoma Kichina chake, akagusa ile nukta mwishoni, akaitikia kwa kichwa. Dada wa Pasi alisoma yake kwa sauti, moja kwa moja, bila kujikwaa popote.

Kisha msimamizi wa dobi, mwanamke mwenye mpangilio, akaweka kidole kwenye mstari wa chini. Mke wa nani?

Shemeji akafungua mdomo. Nami nikafungua.

Mama Mkwe akanishika mkono wa shati. Akanivuta hadi ukutani, akanisimamisha pale hasa shaba inapoishia, bega langu likigusa ukingo. Akawaambia watu:

"Wa huyu. Hakutosha."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, halafu katikati ya kucheka nikashindwa kuendelea. Mama Mkwe hakuniachia shati. Kila aliyekuja kutoa pole alisoma jina lake, "mke wa", kisha akanitazama mimi. Nimesomwa na dobi zima. Nilikunywa chai hapo hapo ukutani. Aliyeniletea ni Shemeji, bila kuombwa, sukari imekorogwa. Akasema baba naye hayumo kwenye kibao na wala halalamiki.

Nilikaa hadi zamu ya jioni ikaanza. Nilitamani kubaki.

Jumanne, 12 Machi

Mama Mkwe ametuita nyumbani, mimi na Shemeji. Akatukalisha kwenye kochi moja. Akasema siku yake ikifika asiandikiwe chochote. Si shaba, si mbao, si karatasi. Asiguswe na kompyuta yoyote. Akatutaka tuitikie kwa sauti. Tukaitikia. Akatutaka tuitikie tena.

Njiani Shemeji akasema mzazi hawezi kuachwa hivi hivi.

Nimeanza, polepole tu, saa za chakula cha mchana. Jina lake, na baada yake watoto, wakwe, wajukuu, wote kwenye mstari mmoja. Nimewatia gundi mmoja mmoja. Fremu nimeipanua kidogo na wametosha vizuri kabisa, hata kitinda mimba. Nimemwonyesha Shemeji. Amekagua kwa makini, kutoka juu mpaka chini, kama fundi.

Anasema safari hii atatafuta meza kubwa.