Doti Sita za Bibi kwa Ajili ya Sayansi

Jumatatu, 15 Septemba
Mwanafunzi mmoja tu ataiwakilisha shule yetu kwenye maonyesho ya sayansi Tanga mjini. Lazima niwe mimi. Mpinzani wangu Haidar ana figo ya udongo inayowaka taa. Inawaka! Mimi nina mada ngumu zaidi: jinsi seli shina za kiinitete zinavyoamua jeni ipi inakiliwe na ipi inyamaze. Vifaa: sina.

Jumanne, 16 Septemba
Nimepata! Khanga. Ikikunjwa, maneno yake hayasomeki, ikitandazwa, yanasomeka. Jeni nayo ikikazwa hainakiliwi. Kibanio cha nguo cha kijani: protini inayofungua. Chekundu: inayofunga. Ndani ya seli shina, jeni nyingi zina alama zote mbili kwa pamoja, ya kufungua na ya kufunga. Seli inasubiri kuambiwa iwe moyo au ngozi. Nimetoa doti sita sandukuni kwa Bibi. Yuko msibani Kigombe. Kumsubiri nimwombe kungeichelewesha sayansi.

Jumatano, 17 Septemba
Haidar aliuliza kama nafungua duka. Nina jibu zuri sana. Nimelipata nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 18 Septemba
Maafa. Jaji wa mchujo wa shule alikuwa Mwalimu Beatrisi, jirani yetu. Nilimwomba atoe kibanio chekundu mwenyewe, aone jeni ikiamka. Akatoa. Khanga ikafunguka. Akasoma maneno. Akayasoma tena, polepole. Nilikuwa sijui kwamba Bibi aliinunua ili kumpiga kijembe yeye, walipogombana kwa sababu ya majani ya mchungwa wetu yanayoanguka uani kwake. Wakapatana kabla Bibi hajaivaa. Mwalimu alisema, "Mwambie bibi yako ujumbe umefika." Haidar alipiga makofi.

Ijumaa, 19 Septemba
Bibi amerudi. Nilimpa shikamoo, nikampa na ujumbe wa Mwalimu. Akasema: "Ile niliifunga makusudi, Mwatumu." Tumekwenda kuomba radhi na kikapu cha machungwa. Mwalimu amesamehe, hata akacheka. Nimepewa nafasi ya mwisho Jumatatu, kwa masharti: nitumie karatasi, na nisiguse cha mtu bila ruhusa.

Jumamosi, 20 Septemba
Karatasi haina uhai. Nimetafakari kwa makini. Kosa halikuwa kuchukua khanga, lilikuwa kuchukua za nyumbani. Mwalimu Beatrisi ameanika doti nne uani kwake, kisha akaenda sokoni. Khanga zake mwenyewe haziwezi kumtukana. Tena vibanio vyake ni vya kijani na vyekundu. Naruka ua sasa hivi.